Mwongozo una saini saba, bado fundi kaungua: ukaguzi ufanyweje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwandishi wa miongozo ya kazi katika kiwanda kimoja hapa Tanga. Niliandika mwongozo wa kusimamisha pampu inayolisha boila maji na kuitoa kwa matengenezo, kurasa 14. Ulizungushwa kwa barua pepe kwa watu saba, wahandisi, ofisa usalama na wakuu wa idara. Baada ya wiki tano wote walikuwa wamesaini. Siku ya kwanza kutumika, fundi alifika kwenye mstari usemao: "Fungua V-12, kisha hakikisha maji yameisha kabla ya kufungua pampu." V-12 ni valvu ya kutolea maji chini ya pampu. Yeye alichukua spana akaanza kulegeza nati za V-12, na maji ya moto yakamrukia mkononi. Alhamdulillahi hakuumia sana. Uongozi sasa unataka niongeze wakaguzi wawili, wawe tisa. Je, hilo ndilo suluhisho?

Jibu: Marahaba, na poleni, wewe na fundi wenu. Hapana, hilo silo suluhisho. Ukiongeza saini mbili kwenye mzunguko uleule utapata wiki saba badala ya tano, na mstari ule ungepita tena. Nitaeleza kwa nini ulipita, kisha nitaeleza mzunguko unaofaa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa mhandisi, kufungua valvu ni kuzungusha gurudumu ili maji yapite. Kwa fundi wa karakana, kufungua ni kutoa nati: anafungua injini, anafungua gia boksi, anafungua pampu. Sasa utazame mstari wako. Mwanzoni "fungua" ina maana ya mhandisi, na mwishoni, kwenye "kufungua pampu", ina maana ya fundi. Sentensi moja imebeba neno moja kwa maana mbili, na mwenye spana mkononi akachukua maana ya spana. Fundi hakukosea kusoma. Wale saba nao walisoma sawasawa, kila mmoja kwa maana aliyoizoea, na kwa kuwa wengi wao ni watu wa ofisini, maana ilikuwa ileile. Ndiyo sababu idadi haikusaidia. Watu tisa wenye macho ya aina moja wataona kitu kimoja.

Ndugu yake "fungua" ni "funga", naye ni hatari vilevile. "Funga valvu" yaweza kuwa zuia maji yasipite, na yaweza kuwa weka valvu mpya mahali pake, kama tusemavyo "amefunga mota mpya". Mtu mwingine ataelewa kutia kufuli. Katika kazi yenye mvuke, umeme au gesi, maneno haya mawili yasiachwe huru. Tengenezeni orodha ya maneno ya kiwanda, kila neno kwa maana moja tu. Napendekeza hivi: *fungulia* kwa kuruhusu maji au mvuke upite, kama tunavyofungulia maji bombani, *funga* kwa kuzuia usipite, basi, *legeza* na *kaza* kwa nati na bolti, *ng'oa* kwa kutoa kifaa mahali pake, *pachika* kwa kukirudisha, *tia kufuli* kwa kufuli. Kwa upande wa umeme, *zima* iwe ni kubonyeza kitufe cha kusimamisha, na *kata umeme* iwe ni kushusha swichi kuu ya mtambo na kutia kufuli. Anayezima hajakata, na mota iliyozimwa tu yaweza kuwashwa kutoka chumba cha kuongozea mitambo huku mkono wa mtu ukiwa kwenye kapilingi, kiungo cha mota na pampu.

Wenye ndege waliliona jambo hili zamani. Wana lugha ya miongozo iliyopunguzwa, ASD-STE100, ambayo chanzo chake ni mwishoni mwa miaka ya 1970, mashirika ya ndege ya Ulaya yalipotaka miongozo isomwe bila utata na mafundi ambao Kiingereza si lugha yao. Humo kila neno lililoruhusiwa lina maana iliyowekewa mpaka. Neno la Kiingereza la "kufuata", kwa mfano, limeruhusiwa kwa maana ya kuja baada ya kitu kingine tu. Ukitaka kusema mtu afuate maagizo, unatumia neno la "kutii". Sentensi ya maagizo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, na agizo moja likae kwenye sentensi moja, isipokuwa pale vitendo vinapofanywa kwa pamoja. Kiswahili chetu hakina kitabu cha namna hiyo kwa viwanda, kwa hiyo kila kiwanda kijitengenezee orodha yake. Maneno 60 hadi 80 ya vitendo yanatosha kuanzia.

Sasa ukaguzi. Kasoro kubwa ya mzunguko wenu ni kwamba watu saba walitumiwa waraka mzima kwa wakati mmoja, na wote wakaulizwa swali moja: "Je, uko sawa?" Kila mmoja alijua wapo wengine sita. Mkuu wa idara alitegemea mhandisi amepima namba, mhandisi akategemea ofisa usalama ameona maonyo, ofisa usalama akategemea wewe mwandishi umeijua lugha. Ukaguzi wa kweli hugawa maswali. Kila mkaguzi anapewa swali lake, na jibu lake linaandikwa mahali linapoonekana.

Kabla hujampelekea mtu yeyote, andaa jedwali la vyanzo. Kila namba iliyomo kwenye mwongozo, iwe ya shinikizo, joto, nguvu ya kukazia bolti, muda wa kusubiri au namba ya valvu, iandikiwe ilikotoka: kitabu cha mtengenezaji ukurasa wa ngapi, kibao cha mtambo, au mchoro namba fulani toleo fulani. Namba isiyo na chanzo haiingii, hata kama imesemwa na mhandisi mkuu kwa mdomo; yeye aiandike na kuisaini, na hapo imekuwa chanzo. Jedwali hili huchosha kuliandaa, lakini humpunguzia mkaguzi kazi kwa nusu, na hukuumbua mwenyewe mapema.

Mkaguzi wa kwanza ni mhandisi anayeujua mtambo. Swali lake: je, namba na mpangilio wa hatua ni sahihi? Aanze na jedwali la vyanzo, namba moja moja, kalamu mkononi, ndipo asome maelezo. Vipimo vinavyotoka nje vinataka jicho kali. Mitambo mingi ya viwanda vyetu imetoka Ujerumani, Italia au Denmark, na huko koma ndiyo nukta ya desimali. "1,500 bar" kwenye kitabu cha Kijerumani ni baa moja na nusu. Sisi tunasoma elfu moja na mia tano. Hiyo ni rahisi kuigundua kwa sababu ni kubwa mno. Ngumu ni ile ya "2,250" kwenye jedwali la kukazia bolti, ambapo maana zote mbili zaweza kuingia akilini. Na kipimo kiandikwe kila mara pamoja na namba yake. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ya kugeuza lita kuwa kilo ilitumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya takriban 0.8, ambayo ni kilo kwa lita. Ilihitaji kilo 22,300, ikaruka na pungufu ya nusu yake. Hesabu ilirudiwa zaidi ya mara moja, na kila mara kwa namba ileile mbovu. Ndege iliteleza bila injini hadi Gimli, Kanada, na hakuna aliyekufa.

Saa nazo ni vipimo. "Anza kupasha moto saa 8:00" ina maana mbili kwa Mswahili, na tofauti yake ni saa sita. Andika 14:00 (saa nane mchana), tarakimu na maneno, kila mahali bila kubagua. Nimeshangaa ni miongozo mingapi mizuri huliacha hili.

Mkaguzi wa pili ni wa usalama, na swali lake ni hili: katika kila hatua, ni kitu gani kinaweza kumdhuru mtu, na je, ameambiwa kabla ya kukigusa? Onyo lililoandikwa baada ya hatua ni kama halipo, kwa sababu fundi husoma mstari, hufanya, ndipo husoma unaofuata. Likae juu ya hatua, ukurasa uleule, na liseme mambo matatu: kuna nini, kitakufanya nini, uepuke vipi. Ngazi za maonyo zisichanganywe. Kwa mpangilio unaotumika sana duniani, wa ANSI Z535, kiwango cha Marekani, HATARI ni pale ambapo usipoepuka utakufa au kuumia vibaya. ONYO ni pale ambapo unaweza kufa au kuumia vibaya. TAHADHARI ni majeraha madogo au ya kati. ILANI ni uharibifu wa mali tu. Kiwanda kinachoandika HATARI juu ya kila kitu, hata juu ya rangi inayochafua sakafu, kimewafundisha watu wake kuliruka neno hilo.

Mkaguzi wa tatu ni wa lugha, na si lazima awe msomi wa lugha. Anachukua orodha ya maneno na kupita hatua kwa hatua akitafuta neno lenye maana mbili, sentensi yenye maagizo mawili, na maneno yanayokwepa kazi. La kwanza katika hayo ni "hakikisha". "Hakikisha maji yameisha": kwa njia gani? Kwa kutazama, kugusa, kusoma geji, au kumwuliza mwenzako? Mwandishi anapoandika "hakikisha", mara nyingi ni kwa sababu yeye mwenyewe hajui kipimo. Wenzake ni "kwa uangalifu", "inavyofaa", "kiasi cha kutosha" na "ikibidi". Kila moja libadilishwe kuwa kitendo, namba, au jina la mtu wa kuitwa.

Hivi ndivyo mstari wako ungekuwa kama ungepita mikononi mwa hao watatu. Namba za vifaa na joto nimeweka za mfano. Weka zenu kutoka kwenye vyanzo.

> ONYO: Maji yaliyo ndani ya pampu yana joto la hadi 95°C. Yanaweza kukuunguza vibaya au kukuua. Usilegeze nati yoyote kabla ya kumaliza hatua ya 12.
>
> 8. Soma geji PG-4. Andika namba yake kwenye kisanduku hiki: ______ baa.
>
> 9. Fungulia valvu ya hewa V-13 iliyo juu ya pampu. Zungusha gurudumu kinyume na mshale wa saa mpaka ligote.
>
> 10. Fungulia valvu ya kutolea maji V-12. Zungusha gurudumu kinyume na mshale wa saa mpaka ligote. Usitumie spana.
>
> 11. Subiri maji yakatike kwenye bomba la V-12. Soma geji PG-4 tena. Lazima iwe imeshuka kutoka namba ya hatua ya 8 hadi 0. Kama haikushuka hadi 0, simama, mwite msimamizi wa zamu.
>
> 12. Pima joto la ganda la pampu, sehemu ya chini. Likizidi 40°C, usiendelee.

Ona kilichoongezeka. Hatua ya 9 haikuwepo kabisa kwenye mwongozo wako, kwa jinsi ulivyounukuu. Pampu isipopata hewa kwa juu, maji yanaweza kubaki ndani ingawa ya chini yameacha kutoka. Maji kukatika peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu bomba la kutolea maji la boila huziba kwa magamba na matope. Geji nayo inayosoma 0 tangu ulipofika huenda imekufa; ile uliyoiona kwenye baa 3 ikashuka mpaka 0 mbele ya macho yako ndiyo inayokuambia kitu. Hayo ni makosa ya kiufundi, si ya lugha, na yalijificha nyuma ya neno "hakikisha". Mara nyingi ukilazimisha neno legelege liseme kitu, ndipo unapogundua kwamba hatua nzima haipo.

Sasa sehemu ambayo ningeitetea kuliko zote, na ambayo kwenye mzunguko wenu haikuwepo: mwongozo kupimwa na wanaoutumia. Wenye ndege na majeshi huufanya ukaguzi huu mara mbili, kwanza mezani, kisha kwenye chombo chenyewe. Mezani, wakalishe watu wanne au watano kwa muda usiozidi saa mbili. Michael Fagan wa IBM, aliyechapisha mbinu yake ya ukaguzi wa programu za kompyuta mwaka 1976, aliweka kikomo hicho cha saa mbili kwa sababu baada ya hapo watu hawaoni tena makosa. Kingine cha kuazima kwake: mwandishi hasomi waraka wake mwenyewe. Anasoma mwingine, na hasomi neno kwa neno, anaeleza kwa maneno yake: "Hapa naambiwa nizungushe hiki mpaka kigote." Kama fundi wenu angeambiwa aeleze mstari ule mezani, angesema "natoa V-12", na kazi ingeishia hapo.

Kisha nendeni kwenye mtambo ukiwa baridi, umekatwa umeme na kutiwa kufuli. Chukua mafundi wawili: mmoja mzoefu, mmoja ambaye hajawahi kuigusa pampu hiyo. Mzoefu atakuonyesha hatua ulizozisahau, kwa sababu atazifanya bila kuambiwa. Mgeni atakuonyesha hatua zisizoeleweka, kwa sababu hana cha kubahatisha. Anza na mgeni. Akimtazama mzoefu kwanza, umempoteza. Wewe usiseme neno. Shika nakala yako na uandike kila anaposimama, anaporudia kusoma, anapotafuta kwa kidole, anapogeuka kukutazama. Kusita kwa sekunde tano ni kosa la mwongozo, liandike. Avae glavu na miwani ya kazi, na ukurasa uwe umechapwa kama utakavyokuwa kazini. Kama zamu ya usiku itautumia, rudieni sehemu ngumu usiku, kwa taa zile zile zilizopo. Hapo ndipo utajua kwamba kibao cha V-12 kimepakwa rangi juu, au mtambo ulibadilishwa na namba ya mchoro haipo tena, au gurudumu la V-13 halifikiki bila ngazi ambayo mwongozo haukuitaja.

Maoni yote, ya mezani na ya mtamboni, yaingie kwenye jedwali moja: nani alisema, hatua gani, na jibu. Jibu ni "nimekubali, nimebadilisha hivi" au "nimekataa, kwa sababu hii", na anayekataa jambo la usalama asiwe mwandishi peke yake. Baada ya kurekebisha, sehemu zilizoguswa zikaguliwe upya. Usiliruke hili kwa kuchoka. Makosa mabaya huingia siku ya mwisho: umeongeza hatua moja katikati, namba zote zimesogea, na "rudi hatua ya 9" ya ukurasa wa 11 sasa inampeleka mtu mahali pengine.

Baada ya hapo saini. Moja inatosha, ya mtu anayemiliki mtambo na mwenye mamlaka ya kuusimamisha, na karatasi anayosaini iseme amethibitisha nini: wakaguzi watatu wamejibu maswali yao, jaribio la mtamboni limefanyika tarehe fulani, maoni yote yana majibu. Saini isiyosema imethibitisha nini ina madhara. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mlipuko wa tarehe 23 Machi 2005 uliua watu 15 na kujeruhi 180. Wachunguzi walikuta taratibu za kuwasha mtambo ule zilikuwa zimepitwa na wakati, na hata hivyo wakubwa walikuwa wakithibitisha kila mwaka kwamba ziko sawa.

Kwa kurasa 14, mzunguko huu unaingia kwenye siku sita au saba za kazi: siku mbili za mhandisi, moja ya usalama, moja ya lugha, nusu ya mezani, nusu ya mtamboni, moja au mbili za marekebisho. Wapitie kwa zamu, asiwepo mwingine anayeusoma kabla mhandisi hajathibitisha namba. Uongozi ukihofia muda, waambie zile wiki tano zilikwenda kwenye foleni za barua pepe, hazikwenda kwenye kusoma.

Watakuwepo watakaosema miongozo ibaki Kiingereza ili kuepuka utata wa Kiswahili. Siafiki. Wageni waliofunga mtambo ni waja leo waondoka leo, kama tusemavyo kuhusu Tanga yetu. Atakayeamka saa tisa usiku pampu ikilia ni fundi wa hapa, na akiungua atapiga kelele kwa Kiswahili. Kazi inaongezeka pia: bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa Tanga, na nyaraka zake na za wakandarasi wake zitahitaji kueleweka na watu wetu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya kazi yao, na maelezo yasiyoeleweka sioni yanamtimizia nini.

Mwisho, nakala ya zamani. Kuitoa ubaoni haitoshi. Mafundi hupiga picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la zamu, na huko mstari wa "Fungua V-12" utaishi miaka. Usiwakataze picha, watapiga tu. Weka namba ya toleo na tarehe kwa herufi kubwa juu ya kila ukurasa, na kibali cha kazi kitaje toleo, ili msimamizi alinganishe kabla ya kumkabidhi fundi kufuli. Toleo jipya likitoka, litume wewe mwenyewe kwenye kundi hilohilo na useme lipi limekufa. Na wiki hii, kabla ya mkutano wa wakaguzi tisa, fungua faili za miongozo yote ya kiwanda utafute maneno "fungua", "funga" na "hakikisha". Anza na ya boila, kisha ya umeme, kisha ya matanki ambayo watu huingia ndani. Kila utakapolikuta moja karibu na shinikizo, joto au umeme, sitisha ukurasa huo mpaka fundi mmoja aje akueleze, kwa maneno yake, angefanya nini.